MISTARI MIWILI YA KIPIMO CHA MIMBA NA MAANA YAKE

Kipimo cha mimba kinachotumia mkojo kimekuwa kitu cha kawaida. Katika Mkoa wa Dodoma na nyanda za kati kwa jumla, kama ilivyo Unguja na Pemba, kinapatikana katika maduka ya dawa ya mjini na katika maduka ya dawa muhimu ya vijijini. Hakihitaji cheti cha daktari wala maabara, na jawabu lake hutoka kabla chai haijachemka. Wepesi huo umewasaidia wanawake wengi kuzijua hali zao mapema. Hata hivyo, umeleta pia mazoea ya kulichukulia jawabu la kipimo hicho kuwa ni hukumu, na hukumu hiyo mara nyengine hutolewa juu ya mtu asiye na mimba.

Dodoma si mbali na watu wa Visiwani. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuufanya mji huo kuwa makao makuu ya nchi, na zaidi tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, wako vijana wa Unguja na Pemba wanaoishi huko kwa masomo na kwa kazi, na wazee wao huzipokea habari zao kwa simu. Habari kwamba binti amepimwa na amekutwa huvuka bahari kwa dakika moja. Masahihisho yake, iwapo kipimo kilikosea, hukawia, na mara nyengine hayafiki kabisa. Kwa hiyo ni vyema ikaeleweka kipimo hicho hupima nini na hukosea vipi.

Jambo la kwanza ni kwamba kipimo cha mkojo hakimtafuti mtoto. Kinatafuta homoni moja tu, ambayo wataalamu huiita hCG, na ambayo hutengenezwa na chembe zinazokuja kuwa kondo la nyuma. Homoni hiyo huanza kuingia katika damu pale yai lililorutubishwa linapojishikiza katika ukuta wa mji wa mimba, jambo ambalo kwa kawaida hutokea baina ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kutoka. Kuanzia hapo kiasi chake huongezeka takriban mara mbili kila baada ya siku 2, hufikia kilele baina ya wiki ya 8 na ya 11 ya mimba, kisha hupungua. Sehemu yake hutoka kwa mkojo, na huko ndiko kipimo kinakoikuta.

Ndani ya utepe wa kipimo mna chembe ndogo mno za dhahabu zilizoshikamanishwa na kingamwili, yaani protini zenye tabia ya kung'ang'ania kitu kimoja maalumu. Hapa kitu hicho ni hCG. Mkojo unapopanda katika utepe hubeba chembe hizo. Mahali pa mstari wa kipimo zimepangwa kingamwili nyengine zinazoidaka hCG pamoja na dhahabu iliyoibeba, na dhahabu hiyo, ikikusanyika pamoja katika hali yake ya uchembe, huonekana nyekundu. Mbele yake uko mstari wa uhakiki, ambao katika vipimo vingi umeandikiwa herufi C. Huu hutokea kila mara, pawe na mimba au pasiwe, kwani kazi yake ni kuthibitisha kwamba kipimo ni kizima na kwamba mkojo umefika. Mstari wa C peke yake maana yake ni kwamba homoni haikuonekana. Mistari miwili maana yake ni kwamba imeonekana. Na C ikikosekana, kipimo kimeharibika na hakina jawabu lolote, hata kama mstari mwengine umejitokeza. Tepe nyingi zinazouzwa hutoa mstari pale hCG inapofikia miliyuniti 25 katika kila mililita ya mkojo.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika miaka ya 1930 na baadaye, mwanamke aliyetaka kujua hali yake alilazimika kupeleka mkojo hospitali ukadungwe sungura, panya au chura. Ugunduzi wa kutumia chura mwenye kucha wa Afrika Kusini ulitokana na kazi ya mtaalamu Lancelot Hogben mjini Cape Town: chura jike akidungwa sindano yenye mkojo au vijenzi vyake, hutaga mayai ndani ya saa chache iwapo homoni ya mimba imo. Kipimo cha kwanza cha nyumbani kilibuniwa na Margaret Crane huko New Jersey, Marekani, mwaka 1967, kikaanza kuuzwa Canada mwaka 1971. Kilitumia kijichupa, na mtu alisubiri muda wa saa 2 bila ya kukitikisa. Utepe wa dakika chache uliingia madukani Uingereza mwaka 1988. Kila hatua ilimwondolea mwanamke safari na kumletea faragha. Lakini kila hatua pia ilimwondoa kando yake mtu wa kumweleza maana ya alichokiona.

Makosa ya jawabu la "ipo" ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni mstari ambao si mstari. Ya pili ni homoni iliyopo kweli, bila ya kuwepo mimba inayokua. Watu wengi huzichanganya.

Mstari usio mstari hutokana zaidi na usomaji. Maelezo ya pakiti huagiza jawabu lisomwe baada ya dakika 3 au 5, na lisisomwe tena baada ya dakika 10. Agizo hilo hupuuzwa kuliko yote. Mkojo ukiendelea kukauka huacha alama nyembamba mahali ambapo kingamwili zimepangwa, na alama hiyo, ambayo mara nyingi ni ya kijivu isiyo na wekundu, humdanganya anayeitazama baada ya saa moja. Dodoma iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mvua zake ni za msimu mmoja tu, na kuanzia Mei hadi Novemba hewa ni kavu na upepo ni mwingi. Utepe ulioachwa juu ya dirisha katika hali hiyo hukauka upesi kuliko ule ulioachwa Mkoani au Makunduchi. Mwanamke aliyeona mstari mmoja asubuhi, akautupa utepe, kisha mtu mwengine akauokota mchana na kuona miwili, hajashika mimba kwa muda huo wa nusu siku.

Utunzaji nao una sehemu yake. Vipimo vingi vimeandikwa kwamba viwekwe penye joto lisilozidi nyuzi 30. Duka dogo lenye paa la bati lisilo na dari hupita kiwango hicho katika miezi ya joto, na kwa upande wa Visiwani ni unyevu wa hewa unaoingia katika pakiti iliyopasuka. Utepe ulioharibika kwa joto au unyevu mara nyingi huelekea kushindwa kuiona homoni kuliko kuizua. Lakini kipimo cha aina hiyo hakiaminiki kwa upande wowote. Kadhalika mkojo wenye damu nyingi au protini nyingi hutajwa miongoni mwa vitu vinavyoweza kuvuruga usomaji, na wakaazi wa maeneo yenye kichocho wanaijua vyema damu ya namna hiyo.

Namna ya pili ni ya uzito zaidi, kwa sababu hapo utepe haukukosea. Uliulizwa kuhusu homoni, nao umejibu kuhusu homoni.

Mara nyingi sababu ni mimba iliyokuwapo na ikatoka yenyewe siku chache baada ya kujishikiza. Utafiti uliofanywa North Carolina, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1988 uliwafuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitaka kushika mimba, kwa kuukusanya mkojo wao kila siku. Katika mimba 198 zilizogundulika, asilimia 22 zilitoka kabla ya kuweza kutambuliwa kwa njia za kawaida. Na ukijumlisha zile zilizotoka baadaye, hasara ilifikia asilimia 31. Zamani mwanamke wa namna hiyo aliona tu kwamba hedhi yake imechelewa siku 4 au 5 na imekuja kwa wingi kidogo. Leo, kwa kuwa tepe ni nyepesi na hupima mapema, huona mistari miwili siku ya Jumatatu na damu siku ya Ijumaa. Kwa mwanamke aliyekaa miaka mingi akisubiri mtoto, huku mawifi na majirani wakimhesabia, siku hizo 4 si jambo dogo. Kumwambia kwamba kipimo kilidanganya si kweli, na si kumfariji: mimba ilikuwepo, nayo haikudumu, na mara nyingi hakuna alilolifanya lililosababisha hayo.

Kadhalika, baada ya mimba kuharibika au baada ya kujifungua, homoni haiondoki siku hiyo hiyo. Yaweza kubaki katika mkojo kwa wiki kadhaa. Mwanamke anayejipima wiki 2 au 3 baada ya mimba kutoka akaona mistari miwili, huenda anaona mabaki ya mimba iliyokwisha. Vivyo hivyo kwa aliyedungwa sindano ya hCG katika matibabu ya kutafuta mtoto: dawa yenyewe ndiyo homoni inayopimwa, na akijipima kabla ya siku 10 hadi 14 kupita atakuwa anaipima sindano.

Liko pia jambo liitwalo mimba zabibu. Jina hilo halina uhusiano na mashamba ya zabibu ya Dodoma, ingawa mgeni wa mkoa huo anaweza kudhani hivyo. Limetokana na umbo la vifuko vya maji vinavyojaa katika mji wa mimba mithili ya kichala. Hapo kondo hukua ovyo na mtoto hayupo, au yupo asiyeweza kuishi. Homoni hupanda kwa wingi usio wa kawaida, kichefuchefu huwa kikali, tumbo huweza kukua kupita umri wa mimba, na damu hutoka. Utepe huonyesha mistari miwili. Penye homoni nyingi kupita kiasi huweza hata kuonyesha mmoja tu, kwa kuwa kingamwili huzidiwa na kushindwa kushikana sawasawa. Mimba zabibu huondolewa hospitali, na baada ya kuondolewa hCG hufuatiliwa kwa miezi hadi ipotee, kwani iwapo haishuki au inapanda tena yawezekana chembe zake zimegeuka saratani. Saratani hiyo hutibika kwa dawa mara nyingi ikiwahiwa. Mwanamke aliyetibiwa mimba zabibu akaona mistari miwili miezi michache baadaye asiridhike na hongera za jirani, bali arudi alikotibiwa.

Zipo sababu chache zisizohusiana kabisa na uzazi. Baadhi ya vimbe za ovari na za viungo vyengine hutoa hCG. Na mwanamume mwenye aina fulani za saratani ya korodani anaweza kupata mistari miwili, kwa kuwa utepe haujui jinsia ya mtu. Wanawake waliokoma hedhi huwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo kinachotoka katika tezi iliyo chini ya ubongo, na wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kazi huweza kuwa nayo kwa sababu haisafishwi ipasavyo. Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyopo Dodoma imekuwa ikipandikiza figo tangu mwaka 2018, na kwa wagonjwa kama hao jawabu la hCG la kiasi kidogo linahitaji kusomwa na mtu anayeijua hali ya figo zao.

Dawa nazo zimekuwa zikilaumiwa, mara nyengine kwa haki na mara nyengine bila ya haki. Vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za malaria na dawa za kuua bakteria za kawaida hazina hCG ndani yake, wala hazileti mstari wa pili. Dawa ya klopromazini, inayotumika kwa maradhi ya akili, ilivivuruga vipimo vya zamani. Kwa tepe za sasa tatizo lake ni jengine: dawa za aina hiyo huweza kusimamisha hedhi na kuleta maziwa katika matiti. Dodoma ndiko iliko Hospitali ya Mirembe, iliyowapokea wagonjwa wa akili tangu miaka ya 1920, na familia za wagonjwa zinapaswa kulifahamu jambo hili. Mgonjwa aliyekosa hedhi kwa miezi 3, mwenye maziwa, akaonekana na kialama hafifu katika utepe uliokauka, atahesabiwa mjamzito na kila mtu nyumbani. Khofu ikiwashika wakamwachisha dawa ghafla, maradhi yatarudi. Hali ni hiyo hiyo kwa mwenye kifafa. Zipo dawa za kifafa ambazo hazifai kwa mjamzito, lakini kuziacha bila ya daktari, kwa ajili ya mstari ambao haukuhakikiwa, kumewahatarisha watu bure.

Ni kweli pia kwamba hata hospitali kubwa zimewahi kukosea. Wapo watu wachache ambao damu yao ina kingamwili zinazovishika vijenzi vya kipimo chenyewe, na kipimo cha damu kikatoa hCG isiyokuwapo. Katika jimbo la Washington, Marekani, mwanamke kijana alitibiwa kwa dawa za saratani, akaondolewa mji wa mimba na sehemu ya pafu, kwa sababu kipimo cha damu kiliendelea kusema ana homoni hiyo. Hakuwa na saratani. Mwaka 2001 mahakama ilimpa fidia ya takriban dola milioni 16. Kingamwili hizo ni kubwa mno kuweza kupita katika figo, hivyo haziingii katika mkojo. Kupima mkojo wake sambamba na damu kungetosha kuleta shaka. Hapo ndipo kijikaratasi cha bei ndogo kingalikuwa na faida kuliko mashine.

Pahala ambapo jawabu la uongo limekuwa na gharama kubwa zaidi nchini ni skuli. Kwa upande wa Bara, kanuni za mwaka 2002 zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la kimaadili au kwa kuingia katika ndoa, na mimba ilichukuliwa kuwa ni kosa la namna hiyo. Katika skuli nyingi wasichana walipimwa kwa pamoja, kwa mkojo au kwa kubonyezwa tumbo. Mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba aliyepata mimba hatarudi katika skuli za Serikali. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuondolewa kwa zuio hilo, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukaelekeza wanafunzi waliokatiza masomo warejeshwe. Mwezi Septemba 2022, Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto ilitoa uamuzi kwamba upimaji wa lazima na kufukuzwa kwa wasichana vilikiuka haki zao, na ikaitaka Tanzania iukomeshe upimaji huo. Zanzibar ilikuwa na utaratibu wa kuwarejesha wasichana wa namna hiyo skuli kabla ya Bara, tangu mwaka 2010.

Mbali na suala la haki, upimaji wa watu wote kwa pamoja una kasoro ya hesabu ambayo hailetwi na nia mbaya ya mtu. Pakiti huandika kwamba kipimo ni sahihi kwa zaidi ya asilimia 99. Tarakimu hiyo imetokana na maabara, ambako mkojo ni safi na muda umehesabiwa. Lakini hata ikikubaliwa kama ilivyo, ichukuliwe skuli ya mfano yenye wasichana 400, ambao 4 kati yao wana mimba kweli. Wasio na mimba ni 396. Kipimo kinachokosea mara 1 katika kila 100 kitawapa takriban 4 kati ya hao mistari miwili. Mwalimu atakuwa na tepe 8 zenye mistari miwili juu ya meza, na nusu yake ni za uongo, wala hakuna kitu katika tepe zenyewe kitakachomwonyesha ni zipi. Kwa mwanamke mmoja aliyekosa hedhi kwa wiki 2 na ana kichefuchefu, mistari miwili ya kipimo hicho hicho ni ya kuaminika sana, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na sababu ya kujipima. Kipimo ni kile kile. Kilichobadilika ni watu waliopimwa.

Juu ya hesabu hiyo kuna vikombe. Wasichana 40 wanapotoka chooni na vikombe 40 visivyoandikwa majina, kubadilishana ni jambo rahisi, kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Aliye na mimba ana kila sababu ya kuomba mkojo wa mwenzake, na aliyeombwa huenda asijue amejitia katika nini. Jambo hili lina uzito mwengine kwa sababu, tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Msichana asiye na mimba akishurutishwa kumtaja mtu, atamtaja mtu.

Khofu hiyo pia huwapeleka wasichana mahali pabaya. Mtu anayeamini kwamba ana mimba ambayo itamharibia masomo huenda akanywa kwa siri dawa za miti shamba au vidonge asivyovijua kipimo chake, ili kuitoa mimba ambayo huenda haipo. Akija kutokwa na damu ataamini kwamba dawa imefanya kazi.

Hata hivyo, yote haya yasimfanye mtu akaidharau mistari miwili. Wengi wa wanaoiona wana mimba kweli, na wako wachache ambao kwao kusema "kipimo kimedanganya" ni hatari ya kufa. Mimba huweza kujishikiza nje ya mji wa mimba, aghalabu katika mrija wa uzazi. Utepe huonyesha mistari miwili, lakini picha ya ultrasaundi haionyeshi mtoto ndani ya mji wa mimba, na mtu asiyejua huhitimisha kwamba hakuna mimba. Mrija ukipasuka, damu humwagika tumboni. Mwanamke mwenye mistari miwili na maumivu ya upande mmoja wa tumbo la chini, kizunguzungu, maumivu ya bega au damu inayotoka kidogo kidogo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, bila ya kungoja kurudia kipimo. Ifahamike vilevile kwamba kabla ya wiki ya 5 ultrasaundi kwa kawaida haioni kitu, hata mimba ikiwa mahali pake. Hivyo picha tupu ya mapema haitoshi kuikanusha.

Kwa asiye na dalili hizo, njia ya kuhakikisha ni fupi. Kipimo kirudiwe baada ya siku 2 au 3, kwa utepe mpya kutoka pakiti nyengine, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, na kisomwe kwa saa iliyo mkononi ndani ya muda ulioandikwa. Mstari wa mimba inayokua utazidi kukoza. Mstari wa mimba iliyokwisha utafifia. Alama ya kukauka haitaonekana kabisa. Shaka ikibaki, zahanati itampa rufaa ya kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya yenye maabara, ambako damu hupimwa mara 2 kwa kuachana saa 48 ili kuona kama kiasi cha hCG kinapanda, kimesimama au kinashuka. Kwa mkaazi wa vijiji vya mbali vya Kondoa, Chemba au Mpwapwa safari hiyo ina nauli na siku ya shamba inayopotea, na hiyo ni sababu ya kuurudia utepe vizuri nyumbani kwanza. Haiwi sababu ya kutosheka na mstari mmoja uliosomwa vibaya.

Muuzaji wa duka la dawa muhimu naye ana wajibu wake. Atazame tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kuuza, asiuze pakiti iliyopasuka, na amweleze mnunuzi muda wa kusoma, kwani maelezo yaliyomo mara nyingi ni ya Kiingereza na ya herufi ndogo. Mhudumu wa afya anayempima mtu aandike tarehe, saa aliyosoma na namba ya toleo iliyopigwa chapa katika pakiti, na jawabu ampe aliyepimwa peke yake. Pakiti inayotiliwa shaka isitupwe. Ihifadhiwe pamoja na namba hiyo na ipelekwe, kwa Tanzania Bara, katika ofisi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kwa Zanzibar, katika ofisi ya Wakala wa Chakula na Dawa.